Matema na watoto: likizo yetu ya Ziwa Nyasa kutokea Iringa

Huku kwetu nyanda za juu ukimwambia mtu unapeleka watoto bichi anakuuliza Dar au Zanzibar, kana kwamba Tanzania nzima haina maji mengine. Mimi nimeshasema na nitaendelea kusema, familia ya Iringa, Njombe au Mbeya ina ufukwe wake, unaitwa Matema, uko wilaya ya Kyela kule juu kabisa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mchanga upo, maji hayana chumvi ya kumuwasha mtoto macho, milima imesimama pembeni, na nauli yake mtu wa kawaida akijipanga anaiweza. Halafu kuna jambo linaniuma zaidi ya hilo la bichi, watoto wetu wa huku wanakua bila kujua kuogelea, mtoto anafika kidato cha nne maji mengi anayoyajua ni ya beseni, siku akienda mtoni na wenzake ndo tunaletewa habari mbaya. Kwa hiyo likizo hii mimi na mzee wangu tukasema hela ya kununua makochi mapya isubiri, tunawapeleka watoto wakajifunze maji, na mama mkwe twende nae maana miaka yote hiyo yuko Kalenga hajawahi kuliona ziwa kwa macho yake. Naandika siku kwa siku ili mwenye watoto apate picha kamili.

ALHAMISI

Tumetoka stendi ya Igumbilo kabla jua halijachomoza, baridi ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe, watoto sweta mbili mbili na kofia, mama mkwe kajifunga blanketi juu ya kitenge. Tulipanda basi la Mbeya. Mwenye watoto usiwape chai ya maziwa asubuhi ya safari, wape mkate mkavu au uji mwepesi, kipande cha tangawizi watafune, na mifuko iwe karibu, maana kuanzia Mafinga ile misonobari ya Sao Hill inavyopita dirishani bila kuisha ndo mtoto anaanza kulegea shingo. Wa kwetu wa kati alianza hapo hapo. Makambako upepo kama kawaida, tukanunua mahindi ya kuchoma dirishani. Ukishapita Igawa mnaingia Usangu joto linaanza, mashamba ya mpunga upande mmoja, milima upande mwingine, Chimala, Igurusi, kisha basi linaanza kupanda tena.

Hapa sikilizeni vizuri wale ambao hamjawahi. Kama unaenda Tukuyu au Kyela usiende mpaka Mbeya mjini, shuka Uyole. Barabara inachepuka pale pale, ukienda mjini unarudi njia ile ile na watoto wameshachoka na mizigo na nauli juu. Pale Uyole magari ya Tukuyu hayakosekani, tukapata Kosta. Konda akataka kitinda mimba alipiwe siti wakati anapakatwa, mama mkwe akamwambia "mwanangu, huyu nimempakata mimi, labda unitoze mimi mara mbili," konda akacheka, "haya bibi yangu, shikamoo," yakaishia hapo.

Kutoka Uyole mnapanda Isyonje, viazi na kabichi pande zote, ukungu mpaka dereva anawasha taa mchana. Mlima Rungwe unabaki mkono wa kushoto, una mita 2,960 hivi lakini siku ile tuliona miguu tu, kichwa kiko mawinguni. Tumelala Tukuyu makusudi, tungeweza kusukuma mpaka Kyela usiku lakini kwa watoto na mtu mzima sioni sababu ya kuwaumiza. Tukuyu mvua haiishi, hata kiangazi inadondoka, ndo maana ni kijani hivyo, chai, ndizi, parachichi. Wajerumani walianzia makao yao kule chini ziwani wakaja kuhamia huku juu, wakapaita Neu Langenburg. Tumekula ndizi za nazi na nyama kwa mama mmoja karibu na stendi, jamani zile ndizi, mama mkwe alifunga kijiko kwenye leso akasema atakirudisha kesho, kumbe anataka sababu ya kurudi kula.

IJUMAA

Kijiko kimerudishwa na ndizi zimeliwa tena. Asubuhi tukachukua bajaji kwenda kuona Daraja la Mungu, ni mwamba umejifunga wenyewe juu ya mto Kiwira, wenyeji wanasema ni uji wa moto wa volkano uliganda pale zamani sana. Watoto walipapenda ila mimi sikukaa na amani, ukingo hauna kitu cha kushikilia na mawe yana utelezi, nilimshika mdogo mkono muda wote. Dakika chache zinatosha.

Kutoka Tukuyu kwenda chini ndo safari yenyewe inapoanza. Unatoka kwenye baridi ya mita elfu moja na mia tano na zaidi unashuka mpaka kwenye mita mia tano pungufu kidogo, masikio yanaziba, watoto wakawa wanavua sweta moja baada ya nyingine na hakuna aliyewaambia. Chai inaisha, migomba inabaki, halafu unaanza kuona kakao, miembe mikubwa, michikichi. Kyela ndo inayotoa kakao nyingi kuliko sehemu yoyote ya Tanzania, tuliona imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, harufu yake ina uchachu wa pombe kidogo kwa sababu inavundikwa kwanza ndo ianikwe. Mtoto mkubwa akauliza chokoleti iko wapi. Baba yake akamweleza mpaka tukafika Kyela.

Kyela mjini toa hela yako yote utakayohitaji, nunua dawa ya mbu, dawa za watoto za homa na kuharisha, biskuti, kila kitu, usitegemee kuvipata mbele. Mchele usibebe toka Iringa, utakuwa umefanya kazi bure, mchele wa Kyela ukipikwa nyumba ya tatu wanajua. Tukapanda gari la Ipinda, na kutoka Ipinda mpaka Matema, lami ipo siku hizi, zamani mvua ikinyesha njia hii ilikuwa mateso.

Mnafika hamuoni ziwa. Kuna nyumba, miembe, hospitali ya Kilutheri, watu na baiskeli, halafu unapita katikati ya miti na ghafla ni maji, na upande wa kushoto milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja mpaka ndani ya ziwa. Mama mkwe alisimama. Akauliza ng'ambo ni wapi, mzee akamwambia kule upande wa kulia ni Malawi, ila ukitazama mbele hivi ni maji tu zaidi ya kilomita mia tano, yanafika mpaka Msumbiji. Akasema "nani anayajua haya yote" akakaa chini kwenye mchanga na viatu vyake.

Tumefikia nyumba za kanisa, KKKT wana sehemu za wageni pale ufukweni, ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Hakuna anasa na sikwenda kutafuta anasa. Kuna vyandarua, kuna kivuli, hakuna muziki wa kupasua masikio usiku, na watoto unawaona ukiwa umekaa kibarazani, kwa mzazi hilo ndo la kwanza. Dada wa mapokezi akamsalimia mama mkwe kwa kupiga goti, "mwaghonile bibi," na mama mkwe akajibu "kamwene mwanangu," kila mmoja na lugha yake na wakaelewana vizuri kabisa.

Kabla mtoto hajagusa maji nikawauliza wenyeji maswali yangu. Mamba wako wapi? Wakanionyesha, huko magharibi kwenye mdomo wa mto Lufilyo, kuna viboko na mamba, huko hata wao hawaogi hovyo. Hapa mbele ya nyumba ndo watu wote wanaoga. Kina kinashuka wapi? Ukienda upande wa milimani kinashuka haraka, huku mchangani kinaenda polepole. Baada ya hapo ndo nikawaachia. Kitinda mimba alikuwa ameambiwa na mtu shuleni kwamba maji ya bichi yana chumvi, akachota kwa kiganja akaonja kabla sijamzuia, akageuka akapiga kelele "mama wamesahau kutia chumvi!" Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu walicheka mpaka mmoja akadondosha sindano.

JUMAMOSI

Ukija Matema panga uwepo Jumamosi, kwa sababu ya soko la vyungu la Lyulilo. Ni mwendo mfupi wa miguu ukifuata ufukwe kuelekea milimani. Wakisi wanatoka Ikombe na vijiji vya pembezoni mwa milima wakiwa na vyungu kwenye mitumbwi, vimepangwa ndani ya nyasi, na wanunuzi wanatoka Kyela, Tukuyu, Mbeya. Vile vyungu mnavyoviona vinauzwa barabarani huko kwetu vingi vimetoka hapa, watu hawajui. Mama mmoja aliyepakuliwa mzigo wake mbele yetu alikuwa anagonga kila chungu kwa kucha ya kidole kimoja na kusikiliza, kizima kinalia, chenye ufa kinasema "du" basi, anakiweka pembeni hata hakitazami tena. Binti yangu mkubwa akachuchumaa pale akaanza kugonga nae. Yule mama hakumfukuza, akawa anampa, "hiki?" na mtoto anajibu kizima au kibovu, alikosea viwili vitatu tu. Mama mkwe akachagua vyake vya maharage, wakabishana bei kwa heshima zote, "mama nipunguzie nimetoka mbali," "mama na mimi nimepiga kasia," mwisho akaongezewa mfuniko bure.

Mchana ndo tukaanza somo la maji. Naomba niandike hili kwa urefu maana ndo lililonipeleka.

Mimi najua kuogelea kidogo, nilijifunzia ukubwani, na mzee hajui kabisa. Tukamuomba kijana mmoja mvuvi wa pale pale, mtoto wa watu mpole sana, tukakubaliana bei kabla, akawafundisha asubuhi na kidogo mchana. Hakuanza na kupiga mikono. Aliwakalisha kwenye maji ya magoti, akawaambia wapulize mapovu, uso ndani ya maji, pua zinatoa hewa, wanainuka wanavuta kwa mdomo, wanarudi. Hivo tu, karibu saa nzima, mpaka yule wa kati ambaye anaogopa hata kuoshwa nywele akawa anapuliza na kucheka. Kisha kulala chali. Anaweka kiganja chini ya kisogo cha mtoto, anamwambia tazama mlima, masikio yaingie majini, tumbo juu, vuta pumzi ikae kifuani. Mtoto anapokunja kiuno anazama, akitoa tumbo juu anaelea, na kijana anarudia maneno yale yale bila kuchoka, "tumbo, tumbo, tazama mlima." Mkubwa aliweza kukaa na kiganja. Wa kati alikataa kulala, hatukumlazimisha. Mdogo yeye ni kuchimba mchanga, tukamuacha achimbe ila hasogei majini bila mkono wa mtu mzima, na nasema mkono, sio macho. Mtoto anazama kimya kimya, hapigi kelele wala hapungi mkono mnavyofikiri, ukiinama kwenye simu kidogo tu imetosha.

Watoto wa pale wanatumia madumu matupu ya mafuta kuelea, yamefungwa kifuniko, wanayakumbatia na kupiga miguu. Ni raha kuwaangalia ila kwa asiyejua usimpe dumu aende nalo kwenye kina, likimponyoka ndo basi.

Na mchana ukisogea upepo wa kusini unaanza, miezi hii ni mkali, mawimbi yanakuwa makubwa kweli kweli yanavunjika hapo ufukweni mpaka unaweza kudhani ni bahari. Kwa watoto, asubuhi ndo muda wa maji. Jioni ni mchanga na mpira.

JUMAPILI

Kanisani asubuhi, kwaya ya pale ina sauti za nne nzito sana, mama mkwe alilia. Kurudi ni kupumzika, kwa hiyo niandike ya chakula na ya afya.

Chakula agiza mapema. Asubuhi unapokunywa chai sema mchana mtakula nini, maana samaki anakwenda kutafutwa kwa wavuvi, halali kwenye friji anakusubiri. Ukiagiza saa saba watoto wana njaa utasubiri mpaka wanalala mezani. Tulikula mbasa, ndo samaki anayesifiwa Kyela nzima, nyama yake ina mafuta mazuri, wa kuchoma na wali na bamia. Ana vimiba, kwa hiyo mtoto mdogo mchambulie mwenyewe. Na usipa wale wadogo wadogo, wanaanikwa kwenye vichanja ufukweni, harufu inakufuata lakini wakikaangwa na nyanya watoto wanakula wanakausha sahani. Usiku usio na mwezi wavuvi wanaingia ziwani na taa kuwavuta hao usipa, tulikaa kibarazani tukawa tunahesabu taa, kitinda mimba akapotea kwenye ishirini maana ndo namba zinapoishia kwake.

Afya. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, tusidanganyane. Kinatokana na konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani, vijidudu vinatoka kwao vinapenya kwenye ngozi ya mtu aliye majini. Kwa hiyo sisi tulikaa kwenye mchanga ulio wazi wenye mawimbi, mbali na matete na mbali na mahali maji yamesimama, wakitoka wanafutwa taulo hapo hapo wasikaukie juani, na wiki kama sita mpaka nane tukisharudi watapimwa wote. Kikionekana kina dawa, praziquantel, ile ile wanayogawiwa watoto shuleni. Hiyo sio sababu ya kutokwenda, ni sababu ya kwenda na akili yako.

Malaria ndo ya kuogopa zaidi kwa watu wa kwetu. Mtoto wa Kyela mwili umeshazoea kupambana, mtoto aliyekulia baridi ya Mafinga au Makete hana kinga hiyo. Jioni suruali na mikono mirefu hata kama joto linawakera, chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote nne, na ukisharudi nyumbani homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo kapime siku hiyo hiyo na mwambie daktari tumetoka Kyela. Niliongea na nesi mmoja pale Matema akanisisitizia hilo la mwisho, kwamba watu wakirudi milimani wanadhani ni mafua ya baridi wanakaa na mtoto siku tatu.

JUMATATU

Tumekwenda Ikombe kwa boti. Hapa nilisimama kidete. Boti ya kwanza tuliyoambiwa haikuwa na maboya ya kuvaa, mwenye nayo akasema "mama ziwa limetulia," nikamwambia baba yangu mimi nina watoto watatu na bibi, bila maboya siingii. Alikasirika kidogo. Ikapatikana nyingine yenye maboya ya watu wazima na mawili ya watoto, mdogo akabaki ufukweni na baba yake. Nawaomba wazazi tuwe wagumu kwenye hili jambo, maana boya mpaka leo unaweza kuliulizia ukaonekana mtu wa maringo, wakati tunajua ziwa hili limezamisha watu. Tulivyokuwa tunakataa abiria wengine wawili nao wakashuka wakatufuata sisi.

Tuliondoka asubuhi sana kabla ya upepo. Boti inafuata chini ya milima, ukuta wa mawe unapanda juu yako, vilele vyake vinapita mita elfu mbili, na chini maji yanakuwa meusi kwa kina, hili ziwa linafika kina cha mita 700 hivi, Afrika nzima ni Tanganyika peke yake linaloshinda. Mtoto akauliza Livingstone ni nani mpaka apewe mlima, nikamwambia ni Mskoti mmishenari aliyefika ziwa hili mwaka 1859 kule upande wa kusini, akasema "na bibi naye kafika, apewe wake." Mama mkwe akaupenda huo mpango.

Ikombe wanawake ndo wafinyanzi. Tuliyemtembelea alikuwa amekaa chini miguu imenyooka, chungu kimekaa juu ya kigae cha chungu cha zamani, anakizungusha kwa mkono wa kushoto na mkono wa kulia unapandisha udongo, hakuna mashine hakuna meza. Mdomo wa chungu anaulainisha kwa kipande cha ngozi kilicholowa, anazungusha mara moja tu na mdomo unakuwa duara. Binti akapewa tonge la udongo, akatengeneza kitu chenye masikio, mama akakiangalia akasema "hiki kitapasuka kwenye moto, hapa umeacha hewa," akambonyeza kidole pale palipo na hewa, hajamsifia uongo. Nilimpenda sana kwa hilo.

Karibu na mawe maji ni maangavu mno, unaona chini. Kijana wetu alikuja na miwani ya kuzamia, wakapokezana wakiwa na maboya. Samaki wadogo wa bluu, wa njano, wenye mistari, ndo wale wa mapambo wanaofugwa kwenye matangi huko Ulaya, ziwa hili lina mamia ya aina ambazo nyingi hazipo mahali pengine duniani. Wengi wao mama anatunza watoto mdomoni, akiona hatari wanarudi ndani. Mkubwa alikaa uso majini muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zake kwa mgongo, akainuka akasema kaona mmoja amefungua mdomo na vitoto vimeingia. Wa kati, yule muoga, akasikia hilo akasema na yeye anataka. Akatia uso. Akatoa. Akatia tena. Hakuona samaki wa mdomo lakini aliona wa bluu, na hakutaka kutoka.

Mchana tuliporudi mchangani mbele ya nyumba, kabla upepo haujawa mkali, mkubwa akalala chali na kijana akatoa kiganja polepole bila kumwambia. Akaelea. Alitazama mlima muda wote, hakujua kama hakuna mkono. Alipojua alishtuka akazama akanywa maji, akainuka anakohoa na kucheka, "mama nimeelea peke yangu?" Baba yake alikuwa ameshaingia majini na suruali yake. Na mama mkwe, aliyekuwa anasema yeye ataangalia tu, akafunga kitenge vizuri akaingia mpaka kiunoni akishikwa na wajukuu wawili, akajimwagia maji kichwani.

JUMANNE NA JUMATANO

Kurudi ni kurudi. Alfajiri Matema, Ipinda, Kyela, tukanunua mchele kilo za kutosha na kakao kavu kidogo watoto wakawaonyeshe wenzao. Kyela mpaka Uyole kwa Kosta, sweta zikarudi moja moja, Isyonje mvua. Tumelala Uyole kwa shangazi yao, asubuhi basi la Iringa.

Wakati mzuri wa kwenda ni kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, mvua zimekata. Mwezi wa tatu na wa nne Kyela inafurika, na watoto usiwapeleke. Disemba watu wanajaa kwa sikukuu, weka nafasi ya chumba mapema na uhakikishe kwa simu tena kabla hujatoka. Kijana wa kufundisha kuogelea ulizia pale ufukweni kwa wavuvi, lipeni vizuri, ni kazi kubwa anafanya. Sisi tumeshakubaliana nae Disemba, wa kati anasema safari hii analala chali, na mzee ameomba aanzishiwe mapovu.

Vyungu vimefika vizima vyote, tulivibeba mapajani toka Lyulilo mpaka Igumbilo. Mama mkwe alivigonga tena kimoja kimoja pale stendi kabla hajapanda bajaji ya Kalenga, watu wanamshangaa, na cha maharage kiko jikoni toka juzi.